Jioni Baba Anataka Kwenda Nyumbani

Saa kumi na mbili jioni, kilima cha Nzaui kinapoanza kuwa cheusi, baba yangu huinuka kitini, hufunga vifungo vya koti lake na kumshukuru mama kwa chakula.

"Asante sana, mama. Chakula kilikuwa kitamu. Sasa wacha mimi niende nyumbani kabla giza halijaingia."

Mama ni mkewe kwa zaidi ya miaka hamsini. Na baba yuko nyumbani tayari. Boma hili la Matiliku alilijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, kwa mshahara wa reli. Michungwa iliyo nyuma ya jikoni aliipanda yeye. Mamake amezikwa hatua chache kutoka pale anapokaa asubuhi akiota jua. Lakini jioni ikifika, hayo yote yanakuwa mali ya watu wengine, watu wema waliomkaribisha, naye ni mgeni mwenye adabu ambaye hataki kuchelewa. Nyumbani anakotaka kwenda ni Muthurwa, Nairobi, kwenye chumba kimoja cha landi za reli. Alirudisha ufunguo wa chumba hicho mwaka 1996.

Daktari alitueleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, kwamba unakula yaliyo karibu kwanza na kuyaacha ya zamani, na kwamba kwa wagonjwa wengi jioni ndiyo saa ngumu. Nilimwelewa. Swali nililorudi nalo kwenye matatu halikuwa la daktari. Mtu aliyekufundisha maisha yako yote kwamba nyumbani ni hapa, akigeuka leo akasema nyumbani ni kule, umsikize yupi?

Kwetu hii habari ya nyumbani haikuwa jambo dogo. Baba aliajiriwa na reli mwaka 1965, ilipokuwa bado ya Afrika Mashariki nzima, akabaki nayo Jumuiya ilipovunjika 1977 na kila nchi ikaondoka na mabehewa yake. Alikuwa fundi wa breki. Miaka thelathini na moja. Katika miaka hiyo sisi tulikuwa Matiliku na mama, yeye alikuwa Nairobi na kazi. Alikuja likizo, Pasaka akijaliwa, na Desemba. Treni ilimshusha Emali, akatafuta gari, na kama gari hakuna akatafuta miguu. Wazee wakimuuliza Nairobi kukoje, jibu lake lilikuwa moja: "Nairobi ni kazi tu." Hakuwahi kutuambia chumba chake kina dirisha upande gani. Hakuwahi kusema "kwangu" akimaanisha kule. Tulikua tukiamini kwamba Nairobi ni kama kisima: unashuka, unachota, unapanda. Nani anaishi kisimani?

Chumba hicho nilikiona mara moja nikiwa mtoto, likizo ya Aprili 1987. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilichokuta Muthurwa ni mtu nisiyemjua. Baba wa Matiliku alikuwa mtu wa maneno machache. Akiingia, sisi watoto tulitoka. Baba wa Muthurwa alikuwa mchekeshaji. Watu walimwita Breki. Alikuwa na kiti chake barazani ambacho hakuna aliyekikalia, na mtu akipita alimtupia neno na mtu akacheka. Watoto wa majirani walimpanda magotini. Mimi, mwanawe, nilisimama mlangoni nikiwa na mfuko wa maembe kutoka nyumbani, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona wivu ni kitu gani.

Jioni watu walikusanyika bombani, na mwezi huo kulikuwa na mada moja tu: kesi ya S.M. Otieno. Wadogo huenda hawaijui. Otieno alikuwa wakili maarufu wa Nairobi, akafariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema la, Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa mochari karibu miezi mitano mawakili wakivutana. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, naye akazikwa Nyalgunga. Kilichobaki midomoni mwa watu ni ile tofauti ya nyumba na nyumbani: kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba mjini, hata ikiwa nyumba nzuri ajabu, lakini nyumbani kwake pakabaki kule kwa baba zake.

Mimi niliyasikia hayo kabla mahakama haijamaliza, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Walikuwepo Waluo, Waluhya, Wakikuyu, na Wakamba wengi. Mama mmoja Mluhya alimtetea Wambui kwa sauti kuliko wanaume wote: aliyekuwa akimfulia mtu soksi ndiye anajua pa kumlaza. Wakamzomea. Kisha baba akainua mkono, wakanyamaza, akasema: "Nyumba unalipia. Nyumbani unazikwa." Wakapiga makofi. Karibu kila mtu pale alikuwa akichanga kwa mwezi katika chama cha mazishi cha watu wa kwao, ili siku ikifika asiachwe Lang'ata kama mtu asiye na wake. Baba alikuwa mweka hazina wa chama chetu. Yaani mtu aliyekuwa na raha kuliko wote pale barazani ndiye aliyekuwa anatunza pesa za kuwaondoa pale. Sikuliona hilo wakati ule. Nililiona mwaka jana.

Jumapili moja ya likizo hiyo alinitembeza mjini. Tulifika Muindi Mbingu Street, akanionyesha kibao, akaniambia nisome. Halafu akanihadithia. Mwaka 1938 serikali ya wakoloni iliamua ng'ombe wa Wakamba wamezidi, ikawachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea kutoka Ukambani hadi Nairobi, wakakaa huko kwa wiki kadhaa wakisema hawaondoki mpaka Gavana awasikilize. Mwishowe serikali ililegeza kamba, ingawa Muindi mwenyewe walimkamata na kumpeleka Lamu uhamishoni. "Unaona?" baba akaniambia. "Walikuja, wakasema neno lao, wakarudi nyumbani." Barabara hiyo hiyo ndiyo yenye City Market, na pale ndani kuna wauza nyama. Baba alinunua kilo moja tukaondoka. Sijui kama aliona kichekesho hicho. Mimi nilikiona nikiwa mzee wa kutosha kulipia nyama mwenyewe.

Alichochukua baba kutoka kwa hadithi ile ni kurudi. Mkamba huenda Nairobi kwa neno fulani, neno likiisha hurudi. Na mimi nililichukua hivyo, kama desturi yetu, kitu tulichorithi pamoja na zile nyayo za watu wa kwanza ambazo wazee husema Mulungu aliziacha kwenye jiwe pale Nzaui. Kama watu wa kwanza kabisa walitua kwenye kilima unachokiona ukiwa unakamua ng'ombe, basi kwingine kote ni safari.

Baadaye nilisoma kidogo nikaanza kuwa na mashaka. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na kwa miaka mingi iliyofuata serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika aliye mjini kama nguvu ya mikono iliyoazimwa. Kuanzia 1920 mwanamume alitembea na kipande shingoni, kikionyesha ni nani na anamfanyia nani kazi. Nyumba walizojengewa wafanyakazi zilikuwa chumba, au sehemu ya chumba, kwa hesabu ya mwanamume asiye na mke wala mtoto. Mke na mtoto walikuwa rizavu. Mtu akizeeka, arudi rizavu. Hakuna aliyepanga mahali pa yeye kuwa mzee Nairobi, kwa sababu mzee halipi. Sasa chukua mpango huo, uweke kando ya ile sentensi ya baba, "Nairobi ni kazi tu," uniambie tofauti iko wapi. Sehemu ya kile tulichokiita desturi ilikuwa ni sera ya mwenye nyumba. Baba na wenzake waliambiwa hapa si kwenu, na kwa kuwa walikuwa watu wenye heshima zao, wakajibu: hata sisi hatupataki. Wakaligeuza tusi likawa fahari. Kipande kilienda, uhuru ukaja, vyumba vikabaki vile vile, na sentensi ikabaki.

Kuna mwanafalsafa wa Marekani, Ronald Dworkin, aliyeandika mwaka 1993, katika kitabu *Life's Dominion*, kuhusu watu wenye ugonjwa kama wa baba. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba mtu aliyetoa maagizo akiwa na akili timamu ndiye tunapaswa kumtii, kwa sababu ndiye aliyeyapa maisha yake umbo. Mwanasheria Rebecca Dresser alimjibu kwamba aliye mbele yako sasa, anayecheka na kulia sasa, ndiye mwenye haja, na huwezi kumtoa kafara kwa ajili ya mtu ambaye hayupo tena. Nilizisoma hoja hizo nikitafuta msaada. Lakini wote wawili wanaonekana kumchukulia yule mtu wa zamani, mwenye akili timamu, kana kwamba alikuwa akisema alichotaka. Je, kama akili timamu yenyewe ilikuwa imefundishwa neno la kusema? Kama ugonjwa umekula kwanza woga, halafu fahari, halafu sentensi, na kilichobaki chini ni mtu anayesema tu anakopapenda?

Nilikaa na wazo hilo miezi kadhaa, likanifurahisha, ukweli niseme. Ni wazo zuri kwa mtu kama mimi, ninayeishi Umoja, ambaye watoto wangu wakiulizwa kwenu ni wapi wanajibu Umoja na mimi nawakanya kwa aibu: sema Matiliku. Lingenipa ruhusa. Hata babu yenu, ningewaambia, kwao ni Nairobi.

Kisha nikaenda nyumbani mwezi wa nne, na mama akanipeleka shambani kunionyesha matuta.

Mama hana haja na Dworkin. Aliyachimba yale matuta ya fanya juu kwa jembe, na sisi tukibeba mawe, ili mvua kidogo inayokuja isiondoke na udongo. Alilima ndengu na mahindi, akapoteza misimu mingi kuliko aliyovuna. Alimzika mama mkwe wake baba akiwa njiani, treni ikiwa imechelewa. Alilala peke yake miaka thelathini na moja, toa likizo. Alifanya hivyo kwa sababu ya ile ile sentensi: Nairobi ni kazi tu, nyumbani ni hapa. Sentensi hiyo ilikuwa mshahara wake. Na sasa kila jioni mumewe anamshukuru kwa chakula kama anavyoshukuriwa mwenye hoteli, na anaaga.

Tukiwa pale kwenye matuta aliniuliza kwa Kikamba, bila kuniangalia: "Ulipokwenda kule ukiwa mtoto, kulikuwa na mtu?"

"Kulikuwa na majirani, Mwaitu," nikasema.

Ni kweli. Kulikuwa na majirani. Pia kulikuwa na yule mama Mluhya, aliyeacha sufuria ya maharage mlangoni kila Jumatano, na ambaye baba hakumzomea pamoja na wengine. Sufuria ya maharage ni sufuria ya maharage. Sijui zaidi ya hapo na sitaki kujifanya najua. Lakini nilijua mama anauliza nini, na nikachagua neno ambalo halikuwa uongo ili lifanye kazi ya uongo. Alinyamaza, akang'oa gugu moja, akasema, "Basi mimi ndiye nilikuwa mgeni." Sikuwa na jibu. Wazo langu zuri la Umoja lilianguka pale pale, kwa sababu nikisema kwao baba hasa ni Muthurwa, ni lazima niseme pia mama alikuwa wapi hiyo miaka yote.

Nilijaribu picha. Ninapita Muthurwa karibu kila wiki, basi siku moja nikashuka kwenda kutafuta ule mlango. Kutoka stendi ya Machakos Country Bus ni mwendo wa dakika chache, ukiweza kupita. Kuna soko kubwa ambalo baba hakuliacha pale, lilifunguliwa 2008, kuna matatu, mitumba, viazi, vipaza sauti vinavyouza dawa ya panya. Niliuliza, nikaonyeshwa huku na kule, nikapiga picha za safu ya milango ambayo ingeweza kuwa yenyewe. Nilipompelekea baba alishika simu kwa mikono miwili, akatazama kwa makini kama anayekagua breki. "Hawa watu wote wanauza nini?" akauliza. Kisha akanirudishia simu kwa upole. "Hapa si kwangu."

Kwa hiyo hata ningemtii, ningempeleka wapi? Ningempandisha gari hadi Nairobi, na jioni, pale pale Muthurwa, angefunga vifungo vya koti.

Aliyegundua njia ni ndugu yangu mdogo, ambaye hajasoma falsafa na ndiye anayekaa na wazee. Hambishii. Baba akiaga, ndugu yangu huvaa kofia na kusema, "Twende nikusindikize." Wanatoka getini, wanafuata njia ya kwenda sokoni, wanapita mkau mkubwa, wanaongea habari za injini. Kwenye kona wanageuka. Wanarudi na njia ya juu, ile inayoingilia upande wa zizi. Wakifika mlangoni ndugu yangu anasema, "Haya, tumefika nyumbani." Baba anamshukuru, anaingia, anavua koti, anamsalimia mama kama mtu aliyetoka kazini.

Mara ya kwanza kuona hivyo nilikasirika. Tunamdanganya mzee, nikamwambia ndugu yangu kando. Yeye akaniuliza, "Nimedanganya wapi? Nimesema Muthurwa?" Na ni kweli, hajawahi kutaja Muthurwa. Anasema nyumbani, basi. Neno hilo halina anwani. Kila mtu analijaza mwenyewe. Bado sijaamua kama hiyo ni hila au ni ukweli mkubwa kuliko ule ninaouweza. Lakini nimeona kwamba ni neno la aina ile ile niliyompa mama shambani, "majirani," na lake linamlaza mtu usingizi na langu lilimkosesha.

Kuhusu kaburi nimeamua, kwa upande wangu. Baba aliagiza, akiwa mzima, azikwe kando ya mamake, na atazikwa hapo. Sifanyi hivyo kwa kuwa yule mzima alikuwa na haki kuliko huyu, wala kwa sababu mahakama ilisema nini 1987. Ni kwa sababu ahadi hiyo hakuiweka na sisi peke yetu. Aliiweka na mama, na mama amelipa upande wake wote. Jioni lakini ni za baba. Ikiwa kila siku saa kumi na mbili anataka kutoka Matiliku, atoke, na mmoja wetu avae kofia.

Kuna jambo moja sijalisema. Baba akianza kuaga, lugha hubadilika. Mchana anaongea Kikamba. Kikamba kina kitenzi chake cha kwenda nyumbani, *kũinũka*, na hakitumii. Jioni anaingia kwenye Kiswahili, kile cha karakana, chenye maneno ambayo siku hizi nayasikia kwake tu. Mama Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na chenji, kwa hivyo saa ile anayemhitaji zaidi ndiyo saa asiyoelewa nusu ya maneno yake.

Binti yangu ana miaka tisa. Kikamba hajui, na hilo limekuwa kosa langu katika kila mkutano wa ukoo. Miaka yote babu yake alikuwa akimpapasa kichwa na kumpa chungwa, basi, mazungumzo yameisha. Agosti iliyopita ndugu yangu alikuwa ameenda Emali, jioni ikafika, na kabla sijaamka kwenye kiti binti yangu alikuwa ameshamshika babu mkono. Niliwafuata nyuma kidogo. Nilimsikia akimuuliza babu chumba chake kina nini. Babu akamwambia: kitanda, jiko la makaa, redio, dirisha linaangalia reli. Akamuuliza, na wewe unakaa wapi? Umoja, akasema. Babu akafikiri. "Umoja ni mbali," akasema, "lakini kuna basi." Wakakubaliana kwamba ile ya asubuhi ndiyo nzuri, kabla watu hawajajaa.

Kwenye kona walipaswa kugeuka na hakugeuka, kwa kuwa hakuna aliyemwambia binti yangu. Waliendelea kuelekea sokoni. Mama alikuwa ametoka, amesimama getini na leso begani, akiwaangalia. Akaniambia kwa Kikamba nimwache kidogo, chakula kitapashwa moto.